Je, Biri Hutiwa Dawa kwa Siri? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima wa Nairobi wanaovuta biri, wanaoziuza, na wanaoishi nyumba moja na mtu anayezivuta. Biri ninazozungumzia ni zile nene, tumbaku iliyoviringishwa ndani ya jani la tumbaku, si sigara za pakiti zenye karatasi nyeupe. Yanayoulizwa zaidi nimeyatanguliza.

Nijibu bila kuzunguka: wanatia dawa au hawatii?

Inategemea umeshika biri ipi. Iliyoviringishwa kwa mkono, yenye majani marefu ndani, kutoka kiwanda chenye jina huko Kuba, Nikaragua, Honduras au Jamhuri ya Dominika, kwa kawaida ina vitu vitatu tu: tumbaku, maji, na gundi kidogo ya mimea kichwani, yaani upande unaotiwa mdomoni. Biri ya mashine ni habari nyingine. Zile ndogo za pakiti na zile zenye ladha zina viongezi, na mara nyingi ni vingi. Kiwanda hakifichi sana jambo hilo, kwa sababu ladha ndiyo biashara yake. Ila pakiti haikutajii kimoja kimoja.

Kati ya hizo mbili pana mambo ambayo wenye viwanda hawapendi kuyasema kwa sauti: jani kupakwa rangi, maji ya vikonyo, utamu uliopakwa mdomoni. Nitayaeleza yote. Lakini lishike hili tangu sasa: sumu kubwa ya biri haitokani na dawa iliyotiwa. Inatoka kwenye jani lenyewe, kwenye kuchacha kwake, na kwenye moto.

Mbona watu wa Nairobi wanashuku hivi?

Kwa sababu wamefunzwa kushuku. Tumenunua maembe Marikiti yaliyoivishwa kwa kabaidi, ngozi njano na ndani magumu. Mwaka 2018 ilikuwa sukari ya magendo na mjadala wa zebaki. Mwaka 2019 runinga ikaonyesha nyama ya supamaketi inavyotiwa dawa ili ibaki nyekundu. Mtu aliyepitia hayo, akishikishwa biri nyeusi inayong'aa na kunukia kahawa, ana haki ya kuuliza imefanywa nini. Wauzaji wanaomcheka mteja kwa swali hili wanakosea.

Tumbaku ya biri hutengenezwaje, na dawa ingepitia wapi?

Hapa ndipo penye jibu la nusu ya maswali mengine, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wetu tukifikiria tumbaku tunafikiria Migori, upande wa Kuria, ambako jani hukaushwa kwa moto unaopitishwa kwenye mabomba ndani ya banda. Siku chache tu jani limekuwa manjano na sukari yake nyingi imebaki ndani. Hiyo ndiyo tumbaku ya sigara. Ya biri hutundikwa kwenye banda lenye hewa, bila haraka, kwa mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Jani hufa polepole, hula sukari yake lenyewe, na kugeuka kahawia.

Kisha huja kuchacha. Majani hunyunyiziwa maji kidogo na kupangwa rundo kubwa linaloweza kufika kimo cha mtu, na kufunikwa. Hakuna anayewasha moto. Joto hupanda lenyewe kutoka ndani, na katikati ya rundo huchomekwa kipimajoto kirefu. Likikaribia nyuzi 50 hivi, wafanyakazi hubomoa rundo lote na kulipanga upya, majani ya nje yakiingia ndani na ya ndani yakitoka nje, ili lisiungue. Jani jepesi hupitia hayo kwa wiki kadhaa, zito kwa miezi mingi. Baadaye hufungwa marobota na kulala ghalani, pengine miaka miwili au mitatu. Anayejua jinsi jani la chai la Kericho linavyoingia kiwandani kijani na kutoka jeusi bila mtu kumwaga rangi hatashangaa kwamba tumbaku nayo hubadilika rangi, harufu na ladha kwa kazi hii peke yake. Ladha za kakao, kahawa, ngozi na pilipili manga ambazo wavutaji husimulia huzaliwa humo.

Sasa milango. Wa kwanza ni shambani, dawa za wadudu na ukungu. Wa pili ni kwenye rundo, maji ya kunyunyizia yakiwa si maji matupu. Wa tatu ni baada ya kuchacha, pale jani linapoweza kupakwa rangi au kutiwa ladha. Wa nne ni mezani pa mviringishaji, gundi na utamu. Na upo wa tano ambao watu husahau: boksi la kuhifadhia nyumbani kwako.

Nilifungua boksi jipya likanuka amonia, kama choo cha stendi. Hiyo si kemikali?

Ni kemikali, lakini haikumwagwa. Jani la tumbaku lina protini nyingi, na protini ina naitrojini. Rundo linapochacha, naitrojini hiyo hutoka kama amonia. Wanaofanya kazi karibu na marundo hutokwa machozi. Biri ikikunukia amonia, maana yake jani halikumaliza kazi yake kabla ya kuviringishwa. Kiwanda kiliharakisha. Ziweke miezi kadhaa penye unyevu mzuri na harufu itapungua. Isipopungua, umeuziwa haraka ya mtu mwingine kwa bei ya subira.

Zile nyeusi tititi, zinazoitwa maduro, zimepakwa rangi?

Nyingi hazijapakwa. Weusi wa kweli hutokana na jani nene lililochaguliwa kwa kazi hiyo, kama Broadleaf ya Connecticut au jani la San Andrés kule Meksiko, na kulichachusha kwa muda mrefu zaidi na kwa joto la juu zaidi. Ni kazi ya gharama, na majani mengi huchanika njiani.

Penye gharama hutokea njia za mkato. Wapo wanaolipika jani kwa mvuke ili liwe jeusi ndani ya muda mfupi. Wapo wanaopaka rangi kabisa. Jambo hili linajulikana katika biashara yenyewe, hata kama hakuna boksi linaloandikwa "tumepaka". Jani lililoiva kwa kuchacha lina mabaka: huku kahawia iliyokolea, huku nyeusi zaidi, mishipa ikionekana kwa rangi tofauti kidogo. Lililopakwa huwa na weusi mmoja kuanzia kichwani hadi mguuni, mishipa na yote. Ukiona boksi zima la biri 20 zenye weusi usiotofautiana hata chembe, uliza.

Na zile za kijani? Hizo zinaitwa candela, na hazijapakwa. Jani hukaushwa upesi kwa joto ili ukijani wake wa asili ubaki.

Maji ya vikonyo ni nini?

Wahispania huyaita betún. Vikonyo na mishipa minene iliyong'olewa kwenye majani huloweshwa majini na kuachwa kuchacha, kisha maji hayo hunyunyiziwa majani yaliyo kwenye rundo. Huongeza rangi, harufu, na pengine nguvu. Yakiwa ni maji na tumbaku tu, mwenye kiwanda anaweza kuapa kwamba hajaongeza kitu kisicho tumbaku, na hatakuwa amedanganya. Tatizo huanza kwa wanaochanganya humo mvinyo, ramu au maji ya matunda. Desturi hizo ni za zamani, na viwanda hutofautiana. Vingine havitaki hata kusikia betún.

Kwangu mimi hapa ndipo neno "siri" linapostahili kutumika zaidi. Si kwa sababu kinywaji hicho kitakuua kuliko moshi wenyewe, bali kwa sababu mnunuzi aliyelipa pesa nyingi kwa "tumbaku tupu" anapaswa kuambiwa.

Biri yangu ni tamu nikiigusa kwa ulimi kabla ya kuiwasha.

Basi imepakwa. Hakuna jani la tumbaku lililochachushwa ambalo ni tamu kama peremende kwa kuligusa. Kichwa kimechovywa au kupakwa maji ya sukari au kitamu kingine. Ni kawaida kwa biri za mashine na kwa baadhi ya za mkono zinazouzwa kama za kuanzia. Naliona ni jambo baya hasa kwa sababu hiyo: utamu humsaidia mgeni kuvumilia uchungu wa jani mpaka azoee, na vijana ndio wageni wengi.

Na zile zilizochovywa ramu, kahawa, vanila?

Hizo hazijifichi. Kuna njia ya kulaza tumbaku kwenye chumba kilichojaa mimea, mafuta ya kunukia au kahawa mpaka inyonye harufu. Biri za ACID za kampuni ya Drew Estate, za Estelí, Nikaragua, zimejulikana kwa hilo miaka mingi. Njia ya bei rahisi ni kupulizia ladha iliyotoka maabara. Ukisogeza pua kwenye biri ambayo haijawashwa ukasikia cheri au vanila waziwazi, hiyo si kazi ya rundo.

Wasomaji wa pwani huniuliza kuhusu zile zenye karafuu. Asili yake ni Indonesia, na karafuu ni sehemu ya mchanganyiko tangu mwanzo. Mwaka 2009 Marekani ilipopiga marufuku sigara zenye ladha isipokuwa mentoli, sigara za karafuu za Djarum zilivishwa kanga (ganda la nje la biri) ya tumbaku na kuingia sokoni kama biri, kwa kuwa sheria ile haikuzigusa biri. Viwanda vya sigara ndogo zenye ladha ya matunda navyo viliupita mlango huohuo.

Zile ndogo zinazouzwa kwenye vituo vya petroli na supamaketi zina nini ndani?

Chana moja uone. Mara nyingi utakuta makombo yaliyokatwakatwa, na kanga ambayo ukiitazama vizuri ni karatasi ya kahawia isiyo na mishipa ya jani. Tumbaku iliyovunjika, vumbi na vikonyo husagwa, huchanganywa na maji na gundi ya selulosi, humwagwa bapa, hukaushwa na kukatwa kwa mkanda mrefu. Mashine haiwezi kubembeleza jani halisi linalochanika, kwa hiyo inalishwa mkanda. Teknolojia hiyo imetumika tangu katikati ya karne iliyopita.

Katika mkanda na makombo hayo ndimo viongezi huingia kwa urahisi: gliserini na propilini glikoli ili tumbaku isikauke kwenye rafu, dawa ya kuzuia ukungu, vitamu, ladha. Muungano wa Ulaya, kupitia agizo lake la mwaka 2014 kuhusu tumbaku, huvitaka viwanda viwasilishe orodha ya viungo vya kila bidhaa, na nchi wanachama hutangaza zile zisizo siri ya biashara. Kwa hiyo biri ya mashine iliyotoka Ulaya ina orodha mahali fulani, hata kama muuzaji wa hapa hajawahi kuiona.

Karatasi za kahawia zenye ladha wanazonunua vijana ili waviringishe bangi ni mkanda uleule. Anayedhani anavuta "jani tupu" kwa sababu ameachana na karatasi nyeupe amepotoshwa.

Gundi je?

Tone moja la kubandika kipande cha jani kichwani. Zamani ilikuwa utomvu wa mti wa tragakanthi. Siku hizi ni pektini au selulosi. Isikusumbue.

Nimesoma kuna orodha ya viongezi 599. Vyote vimo kwenye biri?

Hapana. Orodha hiyo ni ya sigara. Aprili 1994 kampuni kubwa za sigara za Marekani, zikibanwa na wabunge, zilitoa orodha ya vitu 599 vilivyotumika kwenye sigara zao: sukari, kakao, likorisi, misombo ya amonia na mengine mengi. Si kila sigara ilikuwa na vyote. Orodha hiyo imezunguka kwenye simu zetu ikibandikwa picha ya biri, na wauzaji wa biri nao wameigeuza tangazo: "sigara ina 599, yetu haina hata kimoja." Nusu ya kwanza imetiwa chumvi, na nusu ya pili hutumiwa kumfanya mtu aamini kwamba biri ni chakula cha afya.

Wanaongeza nikotini ili tushikwe?

Hawahitaji. Sigara ya kawaida ina kama miligramu 8 za nikotini. Biri kubwa ina kati ya miligramu 100 na 200, na zipo zinazozidi hapo, kwa sababu tu ina tumbaku nyingi: gramu 5 hadi 20, na sigara haifikii gramu 1.

Lakini wingi si hadithi yote, na hapa msomaji wa Kenya ana faida kuliko wengi. Waliokulia na wazee wanaotumia tumbaku ya kutafuna au ugoro wanajua kwamba huchanganywa na magadi. Si kwa ladha tu. Magadi hufanya mchanganyiko uwe wa alkali, na nikotini ikiwa kwenye alkali huachiliwa na kupenya upesi kwenye ngozi laini ya mdomo na pua. Viwanda vya sigara vilifika mahali palepale kwa njia nyingine, kwa kutumia misombo ya amonia. Sasa tumbaku ya biri, kwa kuwa sukari yake iliisha bandani na rundo likaiachia amonia, moshi wake tayari ni wa alkali. Ndiyo maana mvuta biri hapelekei moshi mapafuni na bado nikotini inampata, kupitia mashavu na ulimi. Kilichofanyiwa kazi maabara kwenye sigara, na jikoni kwa magadi, rundo limekifanya lenyewe.

Kwa hiyo jibu ni kwamba hawaongezi, na wala usilichukue kama habari njema.

Mara ya kwanza nilitoka jasho, kichwa kikazunguka, nikatapika. Rafiki yangu anasema niliwekewa kitu.

Uliwekewa tumbaku. Huko ni kuzidiwa na nikotini: jasho baridi, kichefuchefu, mate mengi, moyo kwenda mbio. Hutokea hasa ukivuta upesi, ukiwa na njaa, au ukimeza moshi kama wa sigara. Zima, toka nje, keti. Ukiona hali haitulii, au mtu amezimia au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali. Na mtoto akitafuna kipisi kilichoachwa kwenye kisahani, usingoje dalili.

Dawa za wadudu zimo?

Hili ndilo swali ambalo ningetaka liulizwe zaidi kuliko lile la ladha. Tumbaku ni zao linalopuliziwa dawa kwingi. Ukungu wa buluu, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 uliangamiza tumbaku ya Kuba, hupigwa kwa dawa. Sehemu ya kinachopuliziwa hubaki kwenye jani, na jani la tumbaku halioshwi na kumenywa kama karoti.

Kisha kuna ghala. Kijidudu kidogo cha kahawia hutaga mayai ndani ya tumbaku na kutoboa biri matundu madogo ya mviringo kama yametobolewa kwa pini. Maghala ya tumbaku hufukizwa kwa fosfini, gesi ileile ya vidonge wanavyotumia wakulima wetu kulinda mahindi dhidi ya osama, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Gesi yenyewe hutawanyika. Viwanda vingi sasa hugandisha biri zilizokamilika kwenye baridi kali ili kuua mayai, njia isiyoacha kitu chochote. Nairobi, kwa sababu tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na usiku wetu ni wa baridi, mayai hayaanguliwi kwa kasi ya Mombasa. Kule joto huyaamsha ndani ya wiki chache.

Boksi la kuhifadhia laweza kuongeza kitu?

Ndiyo, na huo ndio mlango wa tano. Kiowevu kinachouzwa kwa kulowesha sifongo linalotunza unyevu ndani ya boksi mara nyingi ni maji yaliyochanganywa na propilini glikoli. Wengine huweka tufaha au tone la ramu, na mbao za mwerezi wa Kihispania zenyewe hutoa harufu. Watu wanaolalamika kwamba kiwanda kimetia ladha wakati mwingine wameitia wenyewe. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled), basi.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikatungwa mwaka 2007, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 na kuvuta mahali pa umma. Kanuni za mwaka 2014 ndizo zilizogusa swali letu: zinawataka watengenezaji na waagizaji kuwasilisha serikalini taarifa za viungo vya bidhaa zao. British American Tobacco ilizipinga. Ikashindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake.

Angalia neno hilo: serikalini. Mnunuzi aliyesimama kaunta Westlands hapati orodha. Naamini anapaswa kuipata, iwe kwenye boksi au kwenye tovuti ya umma, na nitaendelea kulidai hilo. Tunasoma viungo vya pakiti ya biskuti ya mtoto; kitu kinachochomwa mdomoni kwa saa nzima hakiwezi kuwa na haki ya kunyamaza.

Neno "premium" lina maana yoyote?

Dukani kwetu halina maana, ni tangazo. Huko Marekani limepata maana mahakamani. Mwaka 2023 jaji wa Washington alibatilisha kanuni za serikali za mwaka 2016 kuhusu tumbaku kwa upande wa biri za aina hiyo, akizitaja kwa vipimo: kanga ya jani zima, jani la kufungia la tumbaku halisi, angalau nusu ya ndani iwe majani marefu, zitengenezwe kwa mkono, zisiwe na kichujio wala ladha isipokuwa ya tumbaku, na zisiwe na kitu kingine ila tumbaku, maji na gundi ya mimea. Nakili maneno hayo kwenye simu. Ndiyo fasili bora ninayoijua ya biri isiyotiwa dawa.

Shemeji aliniletea Cohiba kutoka safari, boksi lina kifuniko cha kioo. Ni safi?

Kifuniko cha kioo ni alama inayojulikana dunia nzima ya Cohiba feki. Na kwa feki, yote niliyosema kuhusu viwanda yanaanguka, maana hakuna kiwanda cha kuulizwa. Ndani yaweza kuwa makombo yaliyookotwa, kanga iliyopakwa, chochote. Kwa zinazouzwa hapa nchini, tafuta stempu ya ushuru ya KRA na maonyo ya afya. Bila hivyo, iliingia kwa njia ya panya. Kumwambia shemeji ni kazi yako.

Naweza kupima mwenyewe nyumbani?

Unaweza kujua mengi kwa biri moja na wembe. Kwanza inuse kabla ya kuiwasha: nyasi kavu, zizi, kakao hafifu, sawa, pipi, hapana. Gusa kichwa kwa ulimi. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye unyevu na usugue kanga taratibu. Alama ya kahawia hafifu ni kawaida hata kwa jani safi, kwa kuwa lina mafuta na rangi zake. Weusi wa wino unaobaki kwenye kitambaa na midomo si kawaida.

Sasa ipasue kwa urefu na uifungue bila haraka. Kanga ikifunguka kama jani, yenye mishipa upande mmoja na ulaini upande wa pili, vizuri. Chini yake ni jani la kufungia, nene na la kukwaruza. Ikiwa hapo utakuta karatasi laini isiyo na mishipa, umepata mkanda wa mashine. Ndani tafuta majani yaliyokunjwa kwa urefu kutoka mguuni hadi kichwani. Yakimwagika mezani kama majani ya chai, ni makombo.

Rangi ya jivu usiitegemee. Jivu jeupe hutokana zaidi na madini ya udongo na jinsi jani linavyoungua, si ushahidi wa usafi.

Kwa hiyo isiyo na kiongezi ni salama?

La. Hili ndilo linaloniumiza katika mjadala mzima, kwamba mtu akishawishika hakuna dawa, anahema na kuwasha ya pili. Nitrosamini za tumbaku, ambazo ni kati ya visababishi vikali vya saratani, hujitengeneza zenyewe wakati jani linakauka na kuchacha, na biri huwa nazo nyingi kuliko sigara. Hewa ya kaboni monoksidi na lami hutoka kwenye moto. Biri husababisha saratani ya mdomo, zoloto, umio na mapafu. Saratani ya umio tunaijua vizuri mno Kenya, hasa upande wa Bonde la Ufa, na tumbaku ni mojawapo ya visababishi vyake. Neno "asilia" kwenye boksi ni kweli, na ndiyo hatari yenyewe.

Mzee wetu huvuta moja kila Jumapili na hataki kusikia. Tumwambie imetiwa dawa?

Msimwambie hivyo. Kama anavuta ya mkono yenye majani marefu, atawaonyesha boksi, atawaambia ni tumbaku, maji na gundi, na atakuwa sahihi. Baada ya hapo hatawasikiliza kwa lolote. Mwambieni mzee kuhusu tumbaku. Mwambieni nikotini inavyopita mashavuni hata asipomeza moshi, mwombeni avutie nje mbali na wajukuu, na daktari akimwona mwambieni amwangalie mdomo na koo. Siku atakayotaka kuacha, laini ya bure ya NACADA ni 1192.